Silabi Iliyomezwa

Kipembuzi kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Fundi alikibandika nyuma ya sikio la kulia la Sigrada Nyalusi, akakigusa mara mbili, na Ukumbi wa Uongozaji wa Makambako, uliokuwa ukinguruma kama mashine ya kusaga, ukafunguka. Watu arobaini walikuwa wakizungumza kwa mpigo. Vipaza sauti vilitangaza, mitambo ilivuma, mtu alicheka karibu na mlango. Lakini sasa maneno yalimjia Sigrada moja moja, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake. Mwanamke wa meza ya tano alimwambia mwenzake kwamba chai imepoa. Sigrada akasikia: imepoa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na hakuwa amepata kusikia neno la mtu aliyeketi mita sita kutoka kwake ndani ya chumba chenye watu. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu ili wasimwone akilia.

Masikio yake hayakuwa na kasoro. Tangu utotoni madaktari walimpima na kumrudisha nyumbani: anasikia kila mlio, hata ule hafifu kabisa. Kasoro ilikuwa mbele zaidi, katika njia za ubongo zinazopokea sauti na kuigeuza kuwa maneno. Wataalamu waliiita tatizo la uchakataji wa sauti. Akiwa na mtu mmoja, ana kwa ana, mahali patulivu, Sigrada alielewa kila kitu. Palipokuwa na kelele, mambo yote yalimwagika pamoja kama mchele na chuya, na yeye akabaki anachambua neno la tatu wakati wenzake wameshamaliza mazungumzo na kuondoka. Darasa la tatu mwalimu alimtuma chaki, akaleta chai. Mwalimu akaona ni jeuri, akamsimamisha mbele ya wenzake kipindi kizima.

Basi alijifunza kusikia kwa macho. Alijua mdomo unavyokaa katika kila herufi. Alikaa mgongo ukutani, uso kwenye mwanga, na alipokosa neno alisema, "Rudia, tafadhali," bila kujali nani anakunja uso.

Mwaka huo wa 2094 Makambako ulikuwa mji mkubwa wa nyanda za juu, wenye mitambo ya umeme wa upepo kila kilima, mahali ambapo reli ya sumaku inayotoka pwani ilikutana na ile ya kaskazini. Treni ziliruka unene wa kiganja juu ya njia zake, kilomita mia nne kwa saa, zikiongozwa na mitambo yenye akili isiyochoka. Jambo moja tu halikukabidhiwa mitambo. Mafundi walipoingia kwenye mahandaki, treni iliruhusiwa au kuzuiwa kwa sauti ya mtu kwenda kwenye sikio la mtu. Sheria ilisema hivyo: uhai wa binadamu uamuliwe na binadamu. Waliokaa kwenye meza hizo waliitwa waongoza treni.

Sigrada alikuwa wa kwanza katika mtihani wao. Walimkataa kwa sababu ya masikio, wakamweka chumba cha ratiba miaka tisa. Kipembuzi ndicho kilichomtoa huko. Bwana Fidelis Mgaya, mkuu wa ukumbi, alimpa masharti mawili: asikivue kifaa akiwa kazini, na aache ile tabia yake ya kumwambia kila mtu arudie. Kila rudio lilikula sekunde, na shirika la reli lilijisifu kwa sekunde zake.

"Kwa kifaa hiki hutahitaji kuuliza tena," alimwambia.

Na kweli hakuhitaji. Kwa miezi mitatu Sigrada aliishi kama mtu aliyehamia nchi nyingine. Alienda arusini akacheka wakati watu wanacheka. Kila Jumapili alimpigia simu mama yake, Bi Levina, aliyeishi Lupembe kwenye mashamba ya chai. Zamani simu hizo zilikuwa mateso, kwa kuwa upepo wa kule ulipiga mawimbi na mama alichanganya Kibena na Kiswahili. Sasa mama alisikika safi, mwenye furaha, mwepesi wa kuaga.

Kisha ikaja Jumatano moja ya mvua kubwa. Mafundi watano walikuwa ndani ya Handaki la Kipengere wakisafisha njia ya saba. Kiongozi wao alikuwa Kastori Mng'ong'o, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, mtu wa maneno machache. Treni ya abiria kutoka pwani ilikuwa dakika mbili nyuma ya lango. Kioo cha meza ya tatu, meza ya Sigrada, kikawaka, uso wa Kastori ukatokea, umejaa tope, taa ya kofia ikicheza. Nyuma yake maji yalikuwa yakinguruma. Akafungua mdomo, na sikioni mwa Sigrada sauti ikaja tulivu na safi:

"Ufungue njia ya saba."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Lakini macho yake yalikataa. Ili kusema "ufu" mdomo unatoka kwenye duara na meno ya juu yanakaa mara moja juu ya mdomo wa chini. Mdomo wa Kastori haukufanya hivyo. Ulikuwa duara, ukatanuka pembeni kama wa mtu anayetabasamu, ndipo meno yakashuka. Kulikuwa na kitu katikati, na hakukisikia.

Akaondoa kidole kitufeni.

"Rudia, tafadhali," alisema.

Sauti safi ikarudi: "Ufungue njia ya saba." Na mdomo, kwa mara ya pili, ukatanuka.

Sigrada alifunga lango kwa mkono. Treni yenye abiria mia tatu na kumi na wawili ikasimama mvuani, na nyuma yake treni nyingine kumi na tisa. Mgaya alikuja mbio kutoka ofisini kwake akipaza sauti. Sigrada hakugeuka. Alikuwa akitazama kioo, ambako Kastori na wenzake, maji yakiwa kiunoni, walikuwa wakimvuta mwenzao aliyebanwa mguu na mashine ya kusafishia njia. Ilichukua dakika kumi na moja. Wote watano walitoka.

Kwa siku mbili walimwita shujaa. Siku ya tatu kumbukumbu rasmi ya mawasiliano ilifunguliwa, na kumbukumbu ilisema waziwazi: "Ufungue njia ya saba." Kastori aliapa kwamba alisema *usifungue*. Hakuna aliyemwamini. Kanuni ilimtaka fundi aseme "zuia", na hata hilo hakulisema. Akasimamishwa kazi akisubiri kikao cha uchunguzi, kwa kosa la kutoa amri ambayo ingeua watu wake mwenyewe.

Sigrada alikwenda kwa Mgaya.

"Alisema usifungue. Nilimwona."

"Ulimwona," alisema Mgaya, akikaza neno. "Dada Sigrada, tuzungumze kama watu wazima. Kumbukumbu inapita kwenye kipembuzi kilekile unachovaa, na usahihi wake unazidi wa sikio lolote humu ndani. Wewe unajua fika kwamba tatizo la kusikia liko kwako."

"Ndiyo maana nilitazama."

"Umeokoa watu. Pokea sifa zako, ukae kwenye meza yako. Ukianza kukishitaki kifaa, hukivai. Usipokivaa, hukai ukumbini. Unanielewa?"

Alimwelewa. Chumba kilikuwa kimya na walikuwa wawili tu.

Kesho yake alipanda kwenda karakana ya Dakta Lwitiko Mwaisaka, mvumbuzi wa kipembuzi, kwenye ghorofa ya juu ya chuo cha ufundi. Dakta alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini. Sigrada alivua kifaa, akakiweka juu ya meza, akakaa mahali panapomwonyesha uso wa mwenyeji wake.

"Dakta, humu ndani mnahifadhi sauti kabla ya kusafishwa?"

"Siku tisini. Kwa ajili ya matengenezo."

"Sauti iliyopita kichwani mwangu ni yangu kisheria. Naomba ya Jumatano."

Dakta alisita, kisha akakichomeka kifaa kwenye mtambo. Sauti halisi ya handaki ikalipuka. Sigrada hakuelewa hata neno moja, naye hakujifanya kuelewa.

"Nichoree," alisema.

Ukutani ikatokea picha ya sauti ile, mistari ya giza na mwanga. Dakta akaweka juu yake picha ya sauti iliyosafishwa. Sigrada alizilinganisha kama mtu anayelinganisha nyayo. Katika ile ya kwanza, baada ya irabu ya mwanzo, palikuwa na mchirizi mweupe, mwembamba, juu kabisa: mlio wa *s*. Katika ile ya pili mchirizi haukuwepo.

"Ni *si*," alisema. "Kifaa chako kimeimeza."

Dakta Lwitiko alisogea ukutani, akaugusa mchirizi kwa kidole. Kisha akasema taratibu, akimtazama usoni, "Kipo kijisehemu ndani tunakiita kikisio. Kelele zikizidi, sehemu za maneno hupotea. Kikisio hutazama kilichosalia, kikajaza pengo kwa kile ambacho watu husema mara nyingi. Katika miaka yote ya reli hii, fundi aliye handakini akitaja njia, karibu kila mara anaomba ifunguliwe. Akitaka kuizuia, anasema zuia. Hakuna aliyewahi kusema *usifungue*."

"Mtu mwenye maji kiunoni hasemi kwa kanuni."

"Hapana," alikubali. "Hasemi."

"Kwa nini hukuniambia kwamba kinakisia?"

"Kifaa cha kwanza hakikukisia. Kiliacha pengo. Watu walikivaa wiki moja wakakitupa kabatini. Walisema mapengo yanawachosha, wanataka kusikia kama wengine. Nikawapa walichotaka."

"Mimi nimeishi na mapengo maisha yangu yote," alisema Sigrada. "Pengo nalijua. Nikiliona nauliza. Wewe umechukua pengo langu ukalifunika kwa mkeka, nikalikanyaga nikidhani ni sakafu."

Wazo lingine lilikuwa limemwingia, na lilikuwa baya zaidi.

"Kimekisia mara ngapi? Kwangu mimi, kwa siku hizi zote."

Jibu lilikuwa mara elfu moja mia moja na arobaini. Sigrada aliomba orodha kwa majina ya waliosema. Mara sitini na tatu lilikuwa jina la mama yake.

Dakta aliandika upande mmoja kile kilichosemwa, upande wa pili kile kilichofika. Sigrada alisoma akiwa amesimama. Jumapili ya pili, Bi Levina alisema: *Sioni vizuri, jicho linauma.* Kilichofika: *Naona vizuri, usijali.* Jumapili ya nne: *Hili la kushoto limeingia giza, njoo unipeleke.* Kilichofika: *Hili la kushoto limeisha, njoo ukipata nafasi.* Sigrada alikumbuka kwamba alidhani ni shamba la chai lililokwisha kuchumwa. Pembeni yalikuwepo pia majibu yake mwenyewe. *Nafurahi sana, mama. Haya, mama, vizuri.* Kuanzia Jumapili ya saba Bi Levina hakutaja jicho tena. Alisalimia, akauliza kazi, akaaga upesi.

Sigrada alipanda gari la mchana kwenda Lupembe.

Mama yake alikuwa barazani akichambua maharage kwa vidole, kichwa kimeinama upande wa kulia.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Bi Levina aliinua uso kutafuta sauti ilikotoka. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kuna msiba?"

Sigrada alivuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yakigusana. Jicho la kushoto la mama lilikuwa wazi na halikumfuata. Alimweleza yote, na mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha Bi Levina aliweka ungo chini, akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya nyakati za utoto wake ili maneno yasipotee njiani.

"Nilikuambia naingia giza," alisema neno kwa neno. "Ukaniambia unafurahi. Nikasema basi, mji umemla mwanangu. Nikaacha kukusumbua."

"Sikusikia, mama."

"Zamani ulikuwa husikii na unauliza. Ulikuwa unaniudhi kwa maswali yako. Miezi hii hukuuliza hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua nimekupoteza."

Hospitalini Njombe daktari wa macho alisema ni presha ya jicho. La kulia lingeokolewa kwa dawa. La kushoto lilikuwa limekwisha. Alipoulizwa kama kumleta miezi miwili nyuma kungesaidia, daktari alisema ndiyo, kisha akaangalia makaratasi yake.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika katika ukumbi mkubwa wa shirika, wenye sakafu ya marumaru na mwangwi kila pembe. Wajumbe saba walikaa juu. Kastori Mng'ong'o alikaa chini peke yake, amevaa koti la kuazima. Mlangoni Mgaya alimshika Sigrada kiwiko.

"Umevaa kifaa?"

"Kimo mfukoni."

"Kivae. Utaaibika mbele za watu."

"Nimeshaaibika sana maishani, Bwana Mgaya. Haijaniua."

Sigrada alipoitwa, mwenyekiti alisema jambo refu kupitia kipaza sauti. Liligonga kuta nne likarudi limekuwa uji. Sigrada alisubiri limalizike.

"Sijaelewa," alisema. "Naomba wajumbe wazungumze mmoja mmoja, wakinitazama, na maneno yaandikwe ukutani watu wote wayaone."

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti akasogea mbele. "Mama, kikao hiki kina haraka. Shirika limekupa kifaa kwa ajili hiyo."

"Kifaa hicho ndicho nilichokuja kukisema. Siwezi kukisema huku kinaniamulia mlichoniuliza. Mkiwa na haraka, anzeni kuandika sasa."

Iliwachukua robo saa kuleta mwandishi na kuwasha ukuta. Sigrada alisimama robo saa hiyo yote. Watu walimkodolea macho, wengine kwa huruma, wengine kwa kuudhika, naye aliwatazama mmoja baada ya mwingine mpaka wakaanza kutazama pembeni.

Kisha alionyesha picha mbili za sauti. Alionyesha mchirizi mweupe, na mahali ulipofutwa. Dakta Lwitiko Mwaisaka, aliyekuwa ameitwa kukitetea kifaa chake, alisimama akasema, "Anayosema ni kweli," akaketi. Sigrada akaendelea. Alisoma Jumapili za mama yake, upande wa kushoto na upande wa kulia, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye *njoo unipeleke*, mjumbe mmoja alivua miwani.

"Fundi Kastori alisema kweli," alimalizia. "Alisema *usifungue*, na kumbukumbu yenu ikamgeuza muuaji. Mnataka kumfukuza kwa silabi ambayo mtambo wenu uliimeza."

Mwenyekiti alizungumza, na safari hii maneno yake yalisomeka ukutani: BILA KIFAA UTAONGOZAJE TRENI?

"Kila njia ya mawasiliano iwe na sauti moja tu. Uso wa anayesema uonekane. Kuta za ukumbi zivishwe vitambaa vizito zisirudishe mwangwi. Na kila anayepokea amri airudie yote kabla ya kugusa kitufe, awe mimi au mwingine."

HAYO NI MAHITAJI YAKO BINAFSI.

"Muulizeni yule," alisema Sigrada, akimwelekea Kastori. "Alikuwa chini."

Kastori alisimama, koti likimbana mabega. Hakuzoea kusema mbele za watu. "Mimi nasikia vizuri sana," alisema, "na siku ile sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Nataka anayenisikiliza awe mtu wa kuuliza."

Uamuzi ulichukua wiki saba. Kastori alirudishwa kazini na kumbukumbu yake ikasahihishwa. Kikisio kiliondolewa katika vipembuzi vyote. Toleo jipya liliacha pengo, na penye pengo lilitoa mlio mfupi. Wengi hawakufurahi. Barua zilikuja kwa Sigrada kutoka kwa watu wenye tatizo kama lake, na si zote zilimshukuru. Mwanamume mmoja wa Iringa aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amezungumza mezani na shemeji zake, na sasa Sigrada amemrudisha kwenye ukimya. Sigrada aliisoma barua hiyo mara nyingi. Alimjibu kwa mkono: *Nami nilizipenda siku zile. Lakini shemeji zako hawakusema yale uliyoyasikia. Waambie warudie.*

Shirika lilimpandisha cheo kuwa msimamizi wa chumba cha ratiba, mahali patulivu, kwa ajili ya afya yake. Alikataa kwa maandishi. Wakamwandikia tena, akakataa tena. Alipinga kwa miezi mitano, akiwa nyumbani na mama yake aliyehamia kwake, mpaka siku ambayo mafundi wa mahandaki, wakiongozwa na Kastori, walitangaza kwamba hawataingia Kipengere kama meza ya tatu haina Sigrada Nyalusi na ukumbi haufuati masharti aliyoyataja kikaoni.

Jumatatu aliporudi, kuta za ukumbi zilikuwa zimevishwa vitambaa vya bluu. Kutoka meza zote arobaini zilisikika amri zikirudiwa, mtu anasema, mwenzake anarudia, kama darasa la watu wazima. Vijana wa zamu walinung'unika. Sigrada aliketi, sikio la kulia likiwa tupu, akawasha kioo.

Saa nne Mgaya alisimama mbele yake na karatasi mkononi. Safari hii alisimama mahali pa mwanga na akasubiri amtazame kabla ya kufungua mdomo.

"Kwa utaratibu huu wako," alisema, "treni zinachelewa dakika sita kwa siku."

Sigrada alimsoma midomo mpaka mwisho, akahakikisha hakuna kilichopotea.

"Basi zichelewe," alisema, akageukia kioo chake, ambako fundi alikuwa ameanza kusema.